Laki nane mfukoni: darubini au lenzi kwa kupiga picha Andromeda?

Mwana_Kondoa: Wakuu, habari za usiku. Nina Canon 600D ya mtumba na lenzi yake ya 18–55. Novemba naenda kijijini Kondoa, ambako taa ya mwisho ni ya duka la mangi na inazimwa saa 3. Nataka picha ya galaksi ya Andromeda. Muuzaji mmoja ananisukumia darubini yenye umbali wa fokasi wa 900 mm, boksi limeandikwa "inakuza mara 525". Ninunue?

BintiSingida: Usinunue mkuu. Andromeda angani ina urefu wa kama nyuzi 3, yaani miezi mipevu sita ukiipanga mstari. Shida yake ni ufifi, sio udogo. Hiyo 900 mm kwenye kamera yako inaona nyuzi 1.4 tu kwa upana; utapata kiini na kipande cha bega. Na zile stendi za kwenye boksi, ukihema tu inatikisika.

Tafuta 50 mm f/1.8 ya mtumba, bana tundu lake la mwanga hadi f/2.8 ili nyota za pembeni zisiote mabawa. Stendi nzito, rimoti ya waya, basi. Chenji tunza.

Mwana_Kondoa: Shukrani dada. Bila mota ya kuzungusha kamera ifuate nyota, si zitavutika?

Lenzi_Kuukuu: Ukizidisha sekunde, ndiyo. Chukua 500, gawa kwa 50, gawa tena kwa 1.6 (kihisi chako ni kidogo mara hiyo kuliko fremu ya filamu ya 35 mm): sekunde 6. Mimi naishia 4. ISO (unyeti wa kihisi) 1600, RAW (faili ghafi), picha 300, halafu Siril (programu ya bure) inazipanga moja juu ya nyingine. Ukifika nusu, irudishe galaksi katikati ya fremu maana itakuwa imehama.

Usiku wangu wa kwanza nilizungusha pete ya fokasi mpaka mwisho nikijua ndiyo infiniti (fokasi ya vitu vya mbali kabisa). Picha 240, nyota zote maandazi! Washa kioo cha nyuma, kuza mara 10 kwenye nyota angavu, zungusha taratibu mpaka iwe nukta, kisha bana pete kwa seloteipu.

Mzee_wa_Stendi: Mota mpya kwa laki nane sahau. Ninayo, na inanitoa jasho. Lazima uielekeze kwenye ncha ya anga. Wenzetu Ulaya wanalenga Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini, kazi imeisha. Kondoa ncha ya kusini iko nyuzi 5 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi, na Sigma Octantis, nyota iliyo karibu nayo, ni hafifu mno. Natumia dira ya simu na kipimo cha mteremko, najaribu sekunde 30, narekebisha. Kwa 50 mm inakubali. Kwa 200 mm utalia.

BintiSingida: Nenda siku zisizo na mwezi. Katikati ya Novemba, kati ya saa 3 na saa 4 usiku, tazama kaskazini, Andromeda iko nyuzi 44 juu. Ukikesha mpaka saa 8, geuka kusini: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, nyuzi kama 10 kwa upana, 50 mm inalimeza lote. Januari linapanda mapema zaidi, ila Januari huko ni mvua.

Mwana_Kondoa: Muuzaji kashusha hadi laki sita, nimemkatalia. Nimepata 50 mm lakini ndani ya kioo naona kama ukungu. Nichukue?

Lenzi_Kuukuu: Imulike kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo kuvu, iache hapo hapo. Vumbi tu, lipa.