Mpira ninauona, miguu haitembei: naombeni ushauri

Namba_Tatu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpigaji katika klabu moja ya kriketi hapa Nairobi, na huingia uwanjani wa tatu. Msimu uliopita nilifikisha mikimbio hamsini mara nne, lakini katika mechi sita za karibuni sijavuka kumi na miwili. Mpira ninauona tangu unapotoka mkononi mwa mrushaji, ila mguu wa mbele unabaki pale pale kana kwamba umepigiliwa misumari, na mara tatu nimetolewa kwa mguu mbele ya wiketi, yaani mpira umenigonga mguuni ukielekea kwenye vijiti vitatu vya nyuma yangu. Nimeongeza saa mbili za neti, yaani mazoezi ya kupiga ndani ya wavu, kila siku, bila nafuu. Je, nibadilishe namna ya kusimama, au ninunue gongo jepesi zaidi?

Mzee_wa_Gymkhana: Mdogo wangu, gongo halina kosa. Nilikuwapo Nairobi tarehe 24 Februari 2003 tulipowashinda Sri Lanka, Collins Obuya akachukua wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24. Miaka minane baadaye Obuya huyo huyo, safari hii akiwa mpigaji, alisimama mbele ya Australia kule Bengaluru, na ova, yale mafungu ya mipira sita sita, zikamalizika akiwa na mikimbio 98 bila kutolewa. Mikimbio miwili tu kufika mia! Nililia sebuleni mbele ya wajukuu.

Mama_Zawadi: Mwanangu, unaingia uwanjani bila kusali, halafu unashangaa miguu kuwa mizito?

Fundi_wa_Neti: Mpira wa kilomita 140 kwa saa humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia, na ndani ya muda huo ni lazima asome utadundia wapi, aamue, kisha asogeze mguu. Mtu aliyechoka huona sawasawa lakini huchelewa kuamua. Kichwa kinalalia upande, mguu unakwama, na mpira unamkuta pedini, kwenye kinga ya mguu. Kabla hatujazungumzia gongo, tuambie: usiku wa kuamkia mechi unalala saa ngapi?

Namba_Tatu: Ninalala kama watu wengine.

Fundi_wa_Neti: Kaka, nimeuliza saa ngapi.

Namba_Tatu: Ni mlinzi wa usiku. Ninatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, na mechi huanza saa tatu na nusu, hivyo hulala kidogo ndani ya matatu. Msiniambie niache kazi, kwa sababu karo ya mdogo wangu inatoka hapo, na tayari nimeomba zamu ya ziada ya Jumamosi. Nafasi ya tatu nayo siwezi kuiachia, maana mwezi ujao kocha atapendekeza majina mawili kwa wachaguzi, na kila ninapoingia ninawaza majina hayo kabla ya mpira wa kwanza.

Msomaji_Mkimya: Ninasita kuamini. Virat Kohli, mpigaji wa India, alikaa tangu Novemba 2019 hadi Septemba 2022 bila kufikisha mikimbio mia katika mechi ya kimataifa, naye alieleza kwamba alichoka akilini hata akakaa mwezi mzima bila kushika gongo. Naona mleta mada ameichukua habari hiyo na kuipamba. Mlinzi wa usiku anapata wapi saa mbili za neti kila siku?

Namba_Tatu: Neti ni saa tisa hadi saa kumi na moja alasiri, kisha ninakimbilia zamu. Jumapili iliyopita nilifunga pedi ya kulia kwenye mguu wa kushoto, nikasimama kuingia, na mwenzangu ndiye aliyenishika bega akanirudisha. Ndani ya sweta nilikuwa bado na shati la kazi. Sina sababu ya kutunga jambo linaloniaibisha hivi.

Msomaji_Mkimya: Niwie radhi, ndugu yangu.

Fundi_wa_Neti: Basi usiiache kazi, acha neti. Saa hizo mbili zitumie kulala. Kwa mechi mbili hizi mwombe nahodha uingie wa sita, upate kulala kidogo chini ya mti wenzako wakipiga.

Namba_Tatu: Nikikosa neti nitaonekana nimekata tamaa.

Mzee_wa_Gymkhana: Kwa nani, mdogo wangu? Kocha anajua kwamba unakesha?

Namba_Tatu: Hajui. Nitamwambia Alhamisi. Ila zamu ya Jumamosi nimeshaipokea.