Je, antioksidanti huzuia mapigo ya moyo kuvurugika baada ya upasuaji?

Swali – Kifungua Mimba
Ndugu zangu, baba yangu anasubiri upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo, na daktari ametutahadharisha kwamba katika siku za mwanzo mapigo yanaweza kwenda mrama. Jamaa yetu amemletea vitamini C, vitamini E na mafuta ya samaki, naye mzee ameshavipanga kando ya aspirini yake. Je, vina msaada wa kweli?

Jibu – Muuguzi wa Zamu
Poleni kwa hofu. Hali hiyo huwapata takriban wagonjwa 20 hadi 40 kati ya 100, mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kujikaza kwa pamoja. Mgonjwa mmoja hulalamika kwamba kifua kinampapatika, na mwingine hahisi lolote, sisi ndio tunaoona kwenye skrini kwamba nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani. Hoja ya antioksidanti, yaani vitu kama vitamini C na E vinavyozima kemikali kali za oksijeni mwilini, ina msingi, kwa sababu misuli iliyokatiwa damu wakati wa upasuaji, inaporudishiwa damu hiyo, huzalisha kemikali kali za oksijeni ambazo, pamoja na uvimbe unaochochewa na upasuaji wenyewe, huvuruga umeme wa moyo.

Jibu – Mfamasia
Msingi upo, ila majaribio hayakubaliani. Mwaka 2013 watafiti wa Chile walichapisha matokeo ya wagonjwa 203: waliopewa omega-3 (mafuta yanayopatikana kwenye mafuta ya samaki) pamoja na vitamini C na E walipatwa na tatizo hilo kwa chini ya 10%, ilhali waliopewa vidonge visivyo na dawa walifikia 32%. Matokeo hayo yanavutia sana, lakini jaribio la OPERA la mwaka 2012, lenye wagonjwa 1,516 wa Marekani, Italia na Argentina, halikuona tofauti yoyote ya maana kwa mafuta ya samaki peke yake: 30% kwa waliopewa mafuta hayo, 31% kwa wasiopewa. Kwa hiyo mimi siwezi kumshauri mtu ategemee jaribio moja dogo, hata likiwa zuri namna gani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitamini E kando ya aspirini, kwani ikitumiwa kwa dozi kubwa inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Vitamini C nyingi nayo inaweza kuleta mawe kwenye figo na kufanya baadhi ya vipima sukari vya kidole vitoe majibu yasiyo sahihi. Kinga yenye ushahidi mzito ni dawa za kundi la beta-bloka, zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, na amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo yaliyovurugika, kwa baadhi ya wagonjwa.

Kifungua Mimba
Ahsanteni sana. Mzee anatumia beta-bloka tayari. Je, aiache kabla ya upasuaji?

Jibu – Mfamasia
Hapana, asiiache ghafla bila agizo la daktari, kwa sababu kuikatiza huongeza uwezekano wa tatizo lile lile mnalolihofia. Hivyo vya jamaa yenu asivianze kwanza; vibebeni na chupa zake mkamwoneshe daktari wa upasuaji na yule wa usingizi, wasome dozi iliyoandikwa kwenye lebo.