Re: Picha inaganda, sauti inakatakata kwenye simu ya video

> Intaneti yetu ina kasi ya kutosha, mbona bado tunakatizana?

Ndugu, kabla hujalipia kifurushi kikubwa zaidi, tazama sauti inavyosafiri. Programu huikata vipande vya milisekunde 20, ikavibana, kisha kila kipande kikaondoka katika pakiti yake, yaani fungu dogo la data. Hizo ni pakiti 50 kwa sekunde, na mazungumzo hutosheka na kilobiti 30 hadi 50 hivi. Picha ndiyo mlaji: megabiti 1 au zaidi.

Picha haitumwi nzima kila mara. Inatangulia fremu moja kamili, halafu yanafuata mabadiliko tu. Pakiti ya mabadiliko ikipotea, uso unaganda au unavunjika miraba mpaka fremu kamili nyingine ifike. Pazia linalopepea nyuma yako nalo ni mabadiliko, linakula data bure.

Sauti iliyochelewa haina kazi tena, kwa hiyo pakiti hizi kwa kawaida hupita kwa UDP, njia ya kutuma data ambayo haingoji iliyopotea itumwe upya. Mpokeaji huziweka kwenye akiba fupi, azipange, ndipo azicheze. Zikifika kwa mafungu badala ya mfululizo, programu hurefusha akiba hiyo, sauti inachelewa, nanyi mnaanza kuongea kwa pamoja.

Umbali nao una kodi yake. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 10,000 ni milisekunde 50 kwenda tu, na hakuna kifurushi kinachoziondoa. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri jumla ya kwenda isizidi milisekunde 150. Milisekunde zinazobaki tunazimaliza wenyewe ndani ya nyumba.

---

Re: Re: Picha inaganda, sauti inakatakata kwenye simu ya video

Dada kaeleza vizuri. Naongeza jinsi ya kumkamata mchawi.

Kwenye kompyuta, piga ping (amri inayopima milisekunde za kwenda na kurudi) kwenye ruta yenyewe (anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), uiache iendelee dakika moja. Namba zikicheza 2, 3, 140, 4, 210, tatizo ni Wi-Fi: hamia masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz ukiwa karibu na ruta, au chomeka waya wa mtandao.

Zikitulia, piga ping kwenye 8.8.8.8 (seva ya Google, nje ya nyumba) huku simu ya mtu mwingine ikipakia video. Ikiruka kutoka 20 hadi 400, kuna foleni kwenye ruta. Kasi ya kupakua haisaidii hapo, kwa sababu sauti yako inatoka kwa njia ya kupakia, ambayo kwa kawaida ni nyembamba zaidi. Simamisha uhifadhi wa picha unaojiendesha wenyewe, au kama ruta ina SQM (mpangilio wa kudhibiti foleni), weka kikomo cha kupakia kwenye asilimia 85 hivi ya kasi uliyopima.

Hedseti ya Bluetooth mara nyingi hushusha ubora wa sauti pale maikrofoni yake inapowashwa. Tumia ya waya. Inaondoa pia mwangwi, maana spika haiingii tena kwenye maikrofoni.

Yote yakishindikana, zima kamera yako kwanza. Sauti itapata njia.