Okestreta wa muziki wa filamu anafanya kazi gani hasa?

KinandaParokiani: Wakuu habari zenu. Napiga kinanda kanisani, nota nasoma, na natunga vitu kwenye kompyuta. Mwisho wa filamu naona jina la mtunzi afu chini yake majina ya watu wa okestresheni. Kama mtunzi keshatunga, hao wanafanya nini? Ndo wanamtungia? Natamani sana hii kazi, mtu anaingiaje?

Mzee_wa_Nota: Hapana mkuu, hawamtungii. Chukua Star Wars ya 1977, okestreta alikuwa Herbert Spencer, mzaliwa wa Chile. Mtunzi John Williams alimpa rasimu yenye karibu kila kitu, melodi, akodi, hadi ala ya kupiga, Spencer akaitandaza kwenye skoa kamili (karatasi yenye mistari ya kila ala) ndo okestra ya London Symphony wakarekodi. Tatizo ni muda, filamu inakatwakatwa hadi siku za mwisho na studio imeshalipiwa, mtu mmoja hamalizi kuandika mistari yote ile.

dada_trombone: Ila watunzi wengi siku hizi wanaleta faili la kompyuta tu, na hapo ndo kazi inapokuwa tamu. Kompyuta haiishiwi pumzi, mpiga tarumbeta anaishiwa. Ukiweka fluti chini kabisa afu trombone tatu zinapiga kwa nguvu, kwenye spika unaisikia kwa sababu umeipandishia volyumu, studioni inamezwa yote. Okestreta ndo anaamua nani apige nini ili isikike, na wapigaji waisome mara ya kwanza itoke. Kazi ya heshima sana hii na watu hawaijui!

KinandaParokiani: Malipo je? Na nianzie wapi?

Mzee_wa_Nota: Marekani kwenye viwango vya chama cha wanamuziki wanahesabu kurasa, ukurasa mmoja ni bar nne, yaani vipimo vinne vya muziki. Wengi wanaanzia kunakili nota na kuandaa karatasi za wapigaji. Hugo Friedhofer miaka ya 1930 alikuwa anawaokestreshia watunzi Max Steiner na Korngold pale studio ya filamu ya Warner Bros., baadaye akabeba Oscar yake kama mtunzi kwa The Best Years of Our Lives ya 1946. Wewe jifunze programu ya kuandikia nota, Sibelius au Dorico, Finale achana nayo, 2024 wenyewe walitangaza kuisitisha. Afu tafuta wapigaji halisi, waandikie hata bar kumi na sita, uwaulize wapi pamewasumbua.

KinandaParokiani: Asante sana mkuu. Tuna tarumbeta mbili na trombone, horn (ile ala ya shaba iliyojikunja) hatuna. Sehemu ya horn nimpe nani?

dada_trombone: Mpe trombone, ila mwandikie inavyosikika, maana nota ya horn ya F huwa inaandikwa juu kuliko sauti yake.