Masaa 10 uwanja wa ndege na watoto wawili, begi letu wamelifungia, maji ya moto nanunua kwa kikombe!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa Mbeya, wiki imepita tangu turudi, na kila nikijaribu kuliacha hili limalizike kimya kimya linanirudia usiku. Shirika la ndege silitaji jina kwa sababu barua yangu ya malalamiko iko mezani kwao na sitaki wapate pa kukimbilia. Ila niliyoyaona nitayasema yote.

Shule zilipofungwa Juni niliwakatia wanangu tiketi twende Mwanza kwa bibi yao mzaa baba. Binti ana miaka 5, wa kiume ana mwaka na nusu. Uwanja wetu wa Songwe hadi Dar, Dar hadi Mwanza, shirika moja, tiketi moja, siku moja. Binti nimemlipia kiti chake. Huyu mdogo bado hajafika miaka 2 kwa hiyo anapakatwa na nauli yake ni ndogo, lakini imelipwa, na jina lake limeandikwa pale. Kwa basi tungelala njiani, ndiyo maana mimi na mume wangu tulijibana miezi minne kutafuta hiyo nauli.

Tulitoka nyumbani Forest saa 11 alfajiri. Kufika Mbalizi ukungu umeshuka hadi kwenye lami, malori ya Tunduma unayaona yakishakufikia. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa Juni ilivyo. Na ndege inayotuchukua asubuhi ndiyo hiyo hiyo inayotoka Dar, kwa hiyo ikishindwa kutua kwa wakati nasi hatuondoki. Tulikuwa turuke saa 2, tukaruka karibu saa 4. Hapo sina ugomvi na mtu yeyote. Ukungu ni kazi ya Mungu, na rubani asiyeona njia namshukuru kwa kutokutua. Tuliposhuka Dar, ya Mwanza ilikuwa imeshaondoka.

Sasa nisikilizeni kuanzia hapa.

Kijana wa kaunta akachukua tiketi zangu, akabonyeza bonyeza, akanirudishia. "Mama, mtaondoka na ya saa 3 usiku." Ilikuwa saa 5 na robo asubuhi. Nikamuuliza, kaka, na hawa watoto tunakaa wapi mpaka saa 3? Akaniambia, "Mtasubiri tu hapo na wenzenu." Chakula? "Hilo sina maelekezo." Hakuniangalia usoni. Alikuwa anamwangalia mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Nikamwomba begi langu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote na nataka kila mzazi alisome vizuri. Ukisafiri kwa tiketi ya kuunganisha, begi ukilikabidhi Songwe linafungwa tagi ya mwisho wa safari. Langu liliandikwa Mwanza. Ndani yake kulikuwa na nguo zote nyepesi za watoto, pakiti nzima ya pampasi, na kigari cha mdogo kilikuwa kimeshushwa humo humo kwenye mizigo. Mkononi nilibeba vitu vya saa nne tano za safari: pampasi tatu, kopo dogo la maziwa, chupa ya chai yenye maji ya moto, viazi vya kuchemsha, mayai, na parachichi mbili za Rungwe. Nikamweleza yote hayo, kimoja kimoja. Jibu: "Mzigo ukishafungwa tagi hautoki." Nikamwambia begi litakaa masaa 10 hapo chini, ndege yenyewe haijafika, kuna ugumu gani mtu kwenda kulitoa? Akarudia sentensi ile ile.

Wanangu walikuwa wamevaa nguo za Mbeya. Sweta za kufuma, soksi nzito, kofia, binti ana suruali mbili. Ndivyo unavyomtoa mtoto nje saa 11 alfajiri Juni huku kwetu. Kufika saa 7 mchana mdogo shingo yote imeiva kwa vipele vya joto, anajikuna mpaka analia. Nilimvua nikamwacha na pampasi na kanga. Binti aliona aibu kuvuliwa mbele za watu, akakataa, akakaa na sweta lake jasho likimtiririka kwenye paji la uso. Nikampeleka maliwatoni nikamvua kule. Fulana yake ya ndani ililowa hadi ukiikamua inatoa maji. Nikaifua kwa sabuni ya kunawia, nikaikausha kwa kuipeperusha mkononi kama dakika arobaini huku nimempakata mwingine. Mama mmoja anayefanya usafi pale alinikuta nahangaika, akanishikia mtoto bila kuombwa. Huyo mama Mungu ambariki. Hakuwa mtumishi wa shirika lile na hakuwa na deni lolote kwangu.

Halafu kuna jambo la Ukonga. Dada yangu anaishi Ukonga, bajaji kidogo tu kutoka uwanjani. Kuna kitanda, kuna maji ya kuoga, kuna ugali. Nikarudi kaunta nikasema basi naomba niende kwa dada, nitarudi saa 12 jioni. Wakanijibu, "Usiende mbali mama, tunaweza kuwaita muda wowote tukipata ndege ya mapema, na ukikosekana tiketi yako inapotea." Nikarudi kukaa. Saa 8 sikuitwa. Saa 10 sikuitwa. Saa 12 nikaenda kuuliza, dada mwingine akashangaa, akasema hakuna ndege ya mapema iliyowahi kupangwa siku ile. Kwa hiyo nilikaa na watoto kwenye viti vyenye vyuma vya kuegemeza mikono, ambavyo mtoto hawezi hata kunyooka, kwa ajili ya ndege ambayo haikuwepo!

Maji ya moto kwenye chupa yaliisha saa 8. Maziwa ya kopo hayakorogwi na maji baridi, na mwanangu tumbo lake linasumbua. Nikaenda mgahawani, kikombe cha maji ya moto 2,000. Nilinunua vikombe vitatu mpaka jioni. Viazi viliisha, mayai yaliisha. Parachichi zilikuwa zimeiva vizuri lakini kisu hakipiti ukaguzi, nikazipasua kwa kucha nikawalisha kwa kifuniko cha chupa ya maziwa. Chakula cha binti na changu nikanunua kwa hela ya zawadi ya bibi yao. Pampasi ya tatu nilimvalisha saa 10 jioni, baada ya hapo nikamfunga kanga iliyokunjwa.

Kuna mtu alishaniambia kwenye simu, "Si ungeutumia huo muda vizuri, wenzio huwa wanafurahia." Nikamjibu na hapa nalirudia. Wanaofurahia ni wale waliojua mapema. Singapore abiria anayengoja saa tano na nusu na zaidi anaweza kuzungushwa mjini kwa basi bure, na uwanjani kwao kuna bustani ya vipepeo. Istanbul kuna ziara ya bure kwa anayeunganisha ndege akiwa na saa 6 hadi 24. Watu hao wameiona ratiba wakiwa nyumbani kwao, wamefunga begi la mkononi kwa ajili ya siku nzima, wameamua wenyewe. Mimi saa 10 zile nilikabidhiwa kaunta, mtoto yuko mgongoni, begi langu limeshikiliwa na ruhusa ya kutoka nimenyimwa.

Na hata hivyo nilijitahidi, msifikiri nilikaa kulia. Tulisimama dirishani tukahesabu ndege kwa rangi za mikia, binti akafika 31. Tulicheza kombolela nyuma ya nguzo mbili. Mzee mmoja wa Tukuyu, tuliyekuwa naye toka Songwe na naye anakwenda Mwanza, aliwafundisha bao kwa vifuniko vya soda, akanambia, "Lala binti yangu, nakuangalizia hawa." Nikalala nusu saa nimeegemea mkoba. Ilipofika saa 2 usiku mwanangu mkubwa akaniuliza, "Mama, sisi wametusahau?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tukaruka saa 3 na dakika arobaini. Hakuna aliyesema samahani.

Sasa nataka kusema kitu kwa wale watakaoandika hapa kwamba ukungu haumhusu shirika. Ulaya wana sheria namba 261 ya mwaka 2004. Kule hali mbaya ya hewa inamwondolea shirika mzigo wa kukulipa fidia, sawa. Lakini haimwondolei mzigo wa kukutunza! Safari fupi isiyozidi kilomita 1,500 ikichelewa saa 2, abiria anapewa chakula na kinywaji, na ikibidi alale anapewa hoteli. Wametenganisha vitu viwili: aliyesababisha ni nani, na nani anamtunza abiria wakati anangoja. Ndicho ninachokidai. Sidai nilipwe kwa sababu ya ukungu wa Mbalizi. Nadai kikombe cha maji ya moto, sahani ya wali, begi la mwanangu na maneno ya kweli kwamba ndege ni saa 3 usiku, nenda Ukonga ukapumzike.

Barua nimeiandika, nimeambatanisha tiketi, tagi ya begi na risiti za mgahawa, nikaomba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasiponijibu inakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na nakala kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo lipo kwa ajili ya watu kama sisi. Usikubali kumalizana nao kwa simu tu, andika.

Mama wa huku nyanda za juu unayesafiri na mdogo kipindi hiki cha baridi: nguo nyepesi za Dar ziweke mkononi, pampasi za siku nzima mkononi, maziwa ya siku nzima mkononi. Kabla begi halijafungwa tagi pale Songwe, uliza kama unaweza kulichukua Dar na kulikabidhi upya, hasa asubuhi ukiona ukungu.

Na swali langu kwenu, naomba mnijibu kwa yaliyowakuta: kuna aliyewahi kutolewa begi lake katikati ya safari ndege ilipochelewa? Ulimwona nani, na ulimwambia nini? Mwezi wa 9 nina safari nyingine na hawa hawa watoto.