Kupima joto la mtambo wa majaribio: huu mvuke niuamini?

FundiNgamiani:
Wakuu, salaam. Mimi nasuka mota hapa Ngamiani, Tanga. Kijana wa mtaani kaniletea bomba lake la chuma: ndani unga wa nikeli na waya wa kupasha, maji yanaingia chini, mvuke unatoka juu kwa mpira. Ati anaingiza wati 500, anapata 2,000! Ushahidi wake ni kipimajoto kinachosoma 100, na maji lita 2.8 kwa saa ambayo anahesabu yote yamekuwa mvuke. Anataka nimchangie hela. Nipimeje kabla sijatoa hata senti?

MzeeBoila:
Mwanangu, mimi nimezeekea kwenye boila. Kipimajoto hapo hakikwambii kitu. Mvuke mkavu ni nyuzi 100, na mvuke uliobeba matone ni 100 vilevile. Kilo ya maji kutoka nyuzi 28 hadi kuchemka inataka kilojuli 300 hivi. Kuigeuza mvuke inataka 2,257 zaidi. Haya, piga hesabu: kuyachemsha tu maji yenu ni wati 235. Zinazobaki kwenye zile 500 zinavukiza kama lita 0.4 kwa saa. Kwa hiyo hata waya peke yake, bila nikeli, utaona 100 na mvuke utauona. Maji mengine yanajitokea na mpira, hakuna anayeyahesabu.

Tia maji lita 20 kwenye ndoo, zamisha mpira, koroga, dakika 10. Zikiwa kweli wati 2,000, maji yatapanda nyuzi 14 hivi. Zikiwa 500, hazifiki nne.

WaRaskazone:
Umeme unaoingia nao mpime. Kama ametumia dima (kile kifaa cha kupunguza umeme), mita za bei rahisi hukosea kwa kuwa wimbi la umeme limekatwakatwa. Kisha rudieni na bomba lisilo na unga. Yule Mwitaliano Andrea Rossi alipoonyesha E-Cat, mtambo wake wa nikeli aliodai unatoa joto kuliko umeme unaoingia, kule Bologna, Italia, mwaka 2011, wapinzani walimbana kwenye mvuke huohuo.

FundiNgamiani:
Shukrani mzee. Nimemweleza, kanuna. Ati ndoo inapoteza joto.

MzeeBoila:
Inapoteza, ndiyo, ila si wati 1,500! Ifunikeni. Na kabla hamjazima, toa mpira majini: mvuke uliobaki ukipoa utafyonza maji ya ndoo mpaka kwenye chuma cha moto.