Tumetoka pepa ya fizikia: darasa zima lina sekunde 4, mimi nina 5. Ushauri wakuu

kona_ya_sakina
Habari za jioni wakuu. Niko kidato cha nne, shule ya kutwa hapa Arusha. Leo tumepiga moko (mtihani wa majaribio) ya fizikia. Tulipotoka tukajazana kituoni Kilombero kusubiri vifodi (daladala zetu), kila mtu na majibu yake mdomoni. Kilichoniharibia siku ni hiki: jiwe linarushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde kutoka paa la jengo la mita 25, g (mvuto wa dunia) ni 10. Linafika chini baada ya muda gani? Mimi nina 5. T.O. wetu, yule anayeongoza darasani, kasema 4, na akishasema yeye basi wote "hata mimi". Nimechekwa mpaka kifodi kikaja.

Kesho kutwa ni praktiko (mtihani wa vitendo), na kila nikishika daftari naiona ile 4. Nimekosa kweli? Na kesho wanakutana kupitia pepa yote, niende au nikaushe?

mzee_wa_ngarenaro
Kwani T.O. ndiye anayesahihisha?

chaki_mstaafu
Mwanangu, hesabu haipigiwi kura. Jiwe linapanda sekunde 2, linashuka sekunde 2, hapo limerudi usawa wa paa. Hizo ndizo 4 za mwenzako, kasahau kwamba chini yake bado kuna jengo zima. Linapita paani likiwa na kasi ileile ya 20, safari hii kuelekea chini, na katika sekunde inayofuata linakwenda 20 za kasi hiyo + 5 za mvuto, yaani mita 25. Jumla 5.

Kwa kanuni, chini ya paa ni hasi: -25 = 20t - 5t². Panga, gawa kwa 5, unapata t² - 4t - 5 = 0. Majibu ni 5 na -1, hasi unaitupa. Aliyesahau alama ya kutoa kwenye 25 atakuwa ametoka jasho bure, mlinganyo wake hauna jibu kabisa.

chalii_wa_kijenge
Sekunde 5 jiwe liko hewani, mwenye gari hapo chini kashaita trafiki 😂

mama_wawili
Usiende mwanangu. Binti yangu alikuwa anarudi na macho mekundu kwa sababu ya hivyo vikao, halafu usiku hasomi. Pepa ikishakusanywa imekwenda. Kula, ulale.

dada_pcm
Mama, kwa heshima zote, hapo nakupinga kidogo. Hii ni moko, Necta yenyewe, mtihani wa taifa, ni Novemba. Asipojua alipokosea sasa atajua lini? Ila si kesho. Dogo, nenda baada ya praktiko, na uende na karatasi ya maswali na kalamu, siyo kwenda kusikiliza nani ana sauti kubwa.

Kesho shika vitendo. Wakileta pendulamu (goroli inayobembea kwenye uzi), urefu unapimwa kutoka pale uzi ulipobanwa hadi katikati ya goroli, wengi wanaishia kwenye fundo. Saa ikianza, hesabu "sifuri", siyo "moja". Pima mizunguko 20 kisha gawa, usipime mmoja. Uzi wa mita 1 unatoa karibu sekunde 2 kwa mzunguko. Ukiona 1, umehesabu kwenda bila kurudi. Grafu ya T² (T ni muda wa mzunguko mmoja) kwa urefu wa mita, mteremko wake uwe karibu na 4.

kona_ya_sakina
Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Kumbe "sifuri"! Sisi huwa tunaanza na moja. Sasa huyu T.O. nimwambie au nimwache?

chaki_mstaafu
Marahaba. Usimtambie, ana praktiko kama wewe, na kama kanuni kaiandika vizuri ataokota alama za njia. Mkimaliza muulize tu: sekunde ya 4 jiwe liko wapi?

chalii_wa_kijenge
Liko Kijenge, nimelidaka.